Swichi za amplifaya za zamani: kusafisha, kujenga upya na kutafuta mbadala ukiwa Arusha au Moshi

Majibu haya ni ya mwenye Sansui, Pioneer, Marantz, Kenwood, Technics au NAD ya miaka ya 1970 na 1980, inayopiga vizuri Jumamosi na kukata Jumapili. Swichi nyingi zinazotupwa hazijafa, zimechafuka tu. Ile ya kuwashia umeme ndiyo ya kuangaliwa kwa jicho jingine kabisa, nayo ina majibu yake huko chini.

Kabla ya kufungua kifuniko, nifanye nini?

Chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi ya soketi hakutoshi, kwa sababu nyumba nyingine zimefungwa laivu na nyutro kinyume na swichi inakata waya usio wenyewe. Subiri dakika tano, kisha pima kapasita kubwa za kichujio. Kwenye amplifaya za transista hukaa na volti 35 hadi 60 kila upande. Zikiwa bado na chaji, zitoe kwa rizista ya ohm 100 ya wati 5 iliyofungwa kwenye waya wenye maganda, uishike hapo kwa sekunde tano au zaidi, halafu pima tena. Usigonge shoti kwa bisibisi: cheche inakula mguu wa kapasita, na inaweza kuondoka na transista ambayo haikuwa na ugonjwa.

Amplifaya ya valvu ina volti mia tatu na kuendelea. Kama hujawahi kuifungua, hii isiwe mara ya kwanza ukiwa peke yako.

Chaneli moja inapotea, nikitikisa nobu inarudi. Ni swichi kweli?

Washukiwa ni watatu: swichi, relei ya spika (swichi ya ndani inayofungwa na umeme wenyewe), na solda iliyopasuka miguuni. Anza kwa kubadilishana waya wa kushoto na wa kulia pale muziki unapoingia. Ugonjwa ukihamia upande wa pili, amplifaya haina kosa. Tatizo liko kwenye waya au kwenye chombo kinachopiga. Ukibaki palepale, endelea.

Piga muziki kwa sauti ndogo sana, uguse swichi moja moja kwa nobu yake ya mbele. Swichi inayosahaulika ni ile ya kusikiliza kanda. Muziki wote unapita humo hata kama huna deki ya kaseti, na kwa kuwa hakuna anayeigusa kwa miaka, ndiyo inayoota kutu ya kwanza. Baada yake angalia ya mono, ya laudinesi (ile ya kukuza besi kwenye sauti ndogo) na za vichujio.

Dalili ya relei ni tofauti kidogo. Sauti imefifia au inakwaruza, unaongeza volumu ghafla, inafunguka na kubaki sawa mpaka utakapozima. Mkondo mkubwa umetoboa utando uliokuwa juu ya kontakti. Swichi ya kuchagua spika A na B hufanya vilevile, kwa hiyo zikague zote mbili. Kwa solda iliyopasuka, sukuma mwili wa swichi taratibu kwa kijiti kikavu cha mishikaki, mkono mwingine uwe mfukoni, na usisogelee kabisa upande unakoingia umeme.

Kwa nini kontakti zinageuka nyeusi?

Zimepakwa fedha, na fedha ikikutana na gesi yenye salfa huvaa koti jeusi. Salfa inatoka kwenye moshi, kwenye mpira, hata kwenye baadhi ya makaratasi. Weusi wenyewe si adui mkubwa kama unavyoonekana. Adui ni weusi uliochanganyika na vumbi na grisi ya kiwandani iliyokauka. Vumbi letu la kiangazi ni laini kama unga, linapenya kwenye matundu ya juu ya kifuniko, kisha masika inalilowesha. Mende nao huacha vyao.

Nipulizie WD-40?

Ile ya kopo la kawaida la bluu na njano, hapana. Siku mbili za kwanza utafurahi, kwa sababu inalainisha uchafu. Baadaye inabaki na mafuta yanayonasa vumbi, na miezi michache mbele swichi inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Tafuta dawa iliyoandikwa kuwa ni ya kontakti za umeme, kama DeoxIT D5, au alikoholi ya isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya bluu au ya zambarau ya dukani ina rangi na maji. Itumie kufutia kifuniko.

Dawa ya kusafishia kabureta na breki usiisogeze kabisa. Inayeyusha plastiki ya swichi na kufuta maandishi ya mbele.

Ninaweza kusafisha bila kung'oa swichi?

Ndiyo, na hapa ndipo pa kuanzia. Umeme ukiwa umechomolewa, tafuta uwazi wa swichi: kwa za kubonyeza ni pale kijiti kinapoingia, kwa za kuteleza ni mbavuni, kwa za kuzunguka kontakti ziko wazi. Puliza kidogo tu kwa mrija mwembamba, nusu sekunde inatosha. Bonyeza au zungusha mara 30, subiri dakika tano, puliza tena, rudia mara 30. Acha ikauke saa moja ndipo uwashe.

Kosa kubwa ni kumimina. Dawa nyingi inashuka hadi kwenye bodi, inabeba uchafu na kuupeleka kwenye volumu, ambayo inahitaji dawa yake yenye ulainishi. Nyingine inaosha grisi ya utaratibu wa kubana, na swichi iliyokuwa ikibofya vizuri inaanza kukwama.

Kama baada ya raundi mbili bado inakata, kung'oa hakuepukiki.

Nang'oaje swichi yenye miguu 12 au zaidi bila kuharibu bodi?

Bodi za miaka hiyo nyingi ni za karatasi na gundi, rangi ya kahawia. Njia za shaba zinabanduka kama ganda la kitunguu ukizichoma sana. Weka pasi ya solda kwenye nyuzi 330 hadi 350 za Selsiasi. Ongeza kwanza solda mpya ya risasi, 60/40 au 63/37, kwenye kila mguu. Watu wanaiona hatua hii kama ujinga, lakini solda mpya inayeyusha ile kuukuu na kuifanya itoke kirahisi. Nyonya kwa pampu, maliza kwa utepe wa shaba, sekunde tatu kwa mguu mmoja. Ukikosa, ruka nenda mguu mwingine, huo upoe.

Usivute swichi mpaka kila mguu unachezacheza wenyewe kwenye tundu. Mguu mmoja ulioshika unatosha kuondoka na njia nzima. Ikitokea, funga waya mwembamba kutoka mguuni hadi kituo kinachofuata.

Niifungueje, nisafishe, nifunge tena?

Piga picha kabla ya kila hatua, kwa pande zote. Fanya kazi ndani ya beseni pana jeupe lililotandikwa taulo, maana ndani ya swichi ya kubonyeza kuna springi ndogo na kipini cha waya chenye umbo la pini ya nywele, na vyote viwili vina tabia ya kuruka na kupotelea kusikojulikana. Anayefungulia juu ya meza ya vioo atatafuta kwa tochi.

Swichi nyingi za kubonyeza zimefungwa kwa masikio manne ya bati yaliyokunjwa. Yanyooshe kwa bisibisi bapa mara moja tu. Yanavumilia kukunjwa na kunyooshwa mara mbili, ya tatu yanakatika. Kwanza ondoa kipini cha kubana huku umezuia kijiti kwa kidole, achia springi polepole, kisha vuta kijiti. Pamoja nacho zitatoka kontakti ndogo zinazotembea, moja kwa kila nguzo, yaani kila njia ya umeme ambayo swichi inaikata peke yake. Andika zilitazama wapi. Zikirudi kinyume swichi itabofya vizuri na isipitishe kitu.

Osha vipande vya chuma kwa isopropili na mswaki laini. Weusi uliobaki sugua kwa dawa ya kung'arishia fedha ukitumia pamba ya masikio, kisha osha tena mara mbili ili isibaki hata chembe. Msasa weka mbali, hata ule wa maji. Tabaka la fedha ni maikroni chache. Ukilipita unafika kwenye shaba, na shaba itashika kutu kabla ya vuli kuja. Kifutio cha penseli ni kikali kuliko kinavyoonekana, lakini kwa doa moja sugu kinavumilika.

Kontakti iliyolegea ibane kidogo kwa kibano, sehemu ya kumi ya milimita hivi. Ukizidisha itakwangua njia yake na kuimaliza.

Unaporudisha, paka grisi ya sintetiki isiyodhuru plastiki kwenye njia ya kipini tu, kiasi cha kichwa cha kiberiti. Vaselini inayeyuka kwenye joto la amplifaya na kutiririka, kwa hiyo iachie ngozi. Kipini kikipotea, kitengeneze kwa uzi mmoja wa chuma kigumu wenye unene uleule: uzi wa kebo ya breki, au waya wa gitaa. Klipu ya karatasi ni laini, itapinda ndani ya wiki.

Nimesikia foili na soda vinaondoa weusi. Ni kweli?

Kweli, kwa vipande vya chuma vilivyokwisha kutolewa. Tandika foili ya alumini kwenye bakuli, weka kontakti ziguse foili, mimina maji ya moto yenye kijiko kikubwa cha soda ya kuokea kwa nusu lita. Alumini inachukua salfa na kuirudisha fedha mahali pake, bila kukwangua. Dakika chache zinatosha. Suuza kwa maji safi, kisha kwa isopropili, kausha.

Magadi ya makande usijaribu: yana chumvi na udongo. Wala usizamishe kisahani kizima cha swichi ya kuzunguka. Kile cha kahawia ni karatasi iliyoshindiliwa na gundi, kinanyonya maji, na muziki wa chaneli mbili utaanza kuvujiana.

Nitajuaje imepona kweli?

Kwa swichi za muziki, pima ohm kwa mita, ukitoa zile za waya za mita yenyewe, ambazo huwa 0.2 hadi 0.4. Bofya mara kumi na upime kila mara. Namba inayorukaruka ni mbaya kuliko namba kubwa inayotulia.

Kwa swichi ya spika, mita ya kawaida haioni vya kutosha. Chukua betri ya volti 12 na balbu ya breki ya pikipiki ya wati 21, ya waya, siyo ya LED. Zifunge mfululizo na kontakti ya swichi. Utapata mkondo wa karibu ampea 1.75. Weka mita kwenye milivolti, pima kati ya miguu miwili ya swichi ikiwa imefungwa. Chini ya 35 ni nzuri, maana yake kama ohm 0.02. Ukiona 175, tayari ni ohm 0.1, rudi ukasafishe. Usitumie kipimo hiki kwenye swichi ndogo za muziki, utaziunguza.

Kwa nini kuhangaika na ohm ndogo hivyo? Swichi yenye nusu ohm mbele ya spika ya ohm 8 inakula karibu asilimia 6 ya nguvu. Mkondo wa ampea 2 ukipita, wati 2 zinabaki zikipika plastiki yake.

Swichi ya kuwashia umeme imeungua. Naweza kuijenga upya?

Kama plastiki au karatasi yake imebadilika rangi kuwa nyeusi, itupe. Mkaa unapitisha umeme. Utasafisha kontakti mpaka zing'ae, na bado 230 V zitatambaa juu ya ule mkaa usiku mmoja wakati umelala. Tupa pia iliyowahi kuganda ikiwa imewaka, hata kama sasa inazima.

Kama mwili ni mzima na kontakti zina vishimo tu, na ni za fedha nene siyo za kupakwa, tupa laini ya fundi saa (chombo cha kukwaruzia chuma) inaweza kuzisawazisha. Hiyo ni kazi ya kusubiria mbadala, isiwe ya kudumu.

Basi mbadala uwe na namba gani?

Wengi husoma ampea peke yake na kununua ya 6 A wakidhani wamezidisha. Amplifaya inapowashwa, transfoma na kapasita tupu vinavuta mkondo mkubwa mno kwa sehemu ndogo ya sekunde, na hapo ndipo kontakti zinaungua. Kwa hiyo tafuta alama ya mkondo wa kuwashia. Kwenye swichi za Kijapani na Kimarekani ni TV-3, TV-5 au TV-8. TV-5 ina maana ampea 5 za kawaida na 78 za kuwashia. TV-8 ni 8 na 117. Kwenye za Ulaya utaona 5/80A au 8/128A, pamoja na 250V~. Amplifaya ya wati 40 hadi 80 kwa chaneli itatulia na TV-5.

Ya pili, nguzo mbili, zinazokata laivu na nyutro pamoja. Plagi za pini mbili za mashine za Japani zinaingia upande wowote, huwezi kujua waya upi umekatwa. Ya tatu, mpangilio wa miguu. Ya nne, urefu wa kijiti, na kama kinabaki ndani ikiwa imewaka.

Naipata wapi huku?

Kwenye runinga za kichogo. Alama ya TV kwenye swichi inatokana na televisheni, na runinga nyingi za kichogo zenye kitufe kikubwa cha kuwashia mbele zina ndani yake swichi ya nguzo mbili ya namna hii hasa. Zimejaa kwa mafundi na kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ulizia kwa mafundi redio wa Kilombero na Mbauda kwa Arusha, Mbuyuni kwa Moshi. Mwambie fundi aing'oe yeye: kioo cha runinga kinashika volti nyingi muda mrefu baada ya kuzimwa.

Ukiikosa, Kariakoo wanatuma kwa basi. Tuma picha ya juu, ya miguuni, na moja ikiwa na rula pembeni. Nairobi, mtaa wa Luthuli Avenue, ni wa vipuri vya elektroniki, na mizigo hupitia Namanga. Kuagiza mtandaoni nako kunafaa, ila soma maandishi yaliyo kwenye mwili wa swichi pichani, siyo yale ya muuzaji.

Kwa safu ya vitufe vinavyosukumana, mpya ni ndoto. Nunua amplifaya mbovu ya kampuni ileile na ya miaka ileile, hata ya modeli ndogo. Viwanda vilitumia swichi moja kwenye mashine nyingi.

Nimepata yenye uwezo, lakini haitoshei.

Ikiwa tofauti ni kijiti, kirefushe kwa bomba jembamba la shaba au kijiti cha plastiki, kamwe si chuma kinachogusa sehemu zenye umeme. Ikiwa mwili hauingii kabisa, acha swichi ya zamani mahali pake iendeshe relei ya 12 V yenye kontakti za 16 A, huku moduli ndogo ya 230 V kwenda 12 V ikiilisha. Swichi kongwe itabeba makumi machache ya milliampea tu. Miguu yake yote ya zamani ya 230 V ikatwe kutoka kwenye bodi kwanza, na moduli iwe na fyuzi yake.

Kile kikapasita kilichofungwa juu ya swichi ni cha nini?

Kinameza cheche na ule mlio wa “pa!” kwenye spika unapozima. Kawaida ni 0.01 µF. Weka cha daraja la X2, la kapasita za umeme wa ukutani, chenye 275 V~, si kingine chochote, hata kama kimeandikwa volti elfu. Usikikuze: kwenye 230 V cha 0.01 µF kinapitisha kama mA 0.7 swichi ikiwa imezimwa, cha 0.047 kinapitisha mA 3.4, na hapo taa ndogo inaweza kuonekana ikiwaka yenyewe. Vya zamani vya rangi ya asali vyenye nyufa vitoe leo, vinapasuka kwa moshi mzito.

Ya kuzunguka: nihesabu nini?

Visahani, nguzo kwenye kila kisahani, nafasi, na nyuzi kati ya nafasi, ambazo kwa kawaida ni 30. Pima unene wa shafti, kijiti kinachovaa nobu: Japani 6 mm, Uingereza ya zamani 6.35 mm, na hiyo tofauti ya 0.35 mm inapasua nobu.

Kisha angalia kama inagusa nafasi mpya kabla ya kuacha ya zamani. Kwa kuchagua chanzo cha muziki haileti hasara. Kwa swichi ya volti nyuma ya mashine ni shoti. Na swichi ndogo za plastiki zenye nafasi 12 ni za muziki tu, hazikutengenezwa kubeba spika.

Mashine yangu imetoka Japani, imeandikwa 100V. Nibadilishe swichi tu?

Hapana. Ikiwa nyuma hakuna kichagua volti, unahitaji transfoma ya kushusha hadi 100 V, na uwezo wake uzidi wati zilizoandikwa nyuma: kwa 300 W nunua 500 VA. Maandishi ya 50/60Hz ni salama kwetu. Mashine ya Marekani yenye 60Hz peke yake transfoma yake itapata joto zaidi kwenye 50.

Nimeshafunga. Niwashe?

Kwa balbu ya waya ya wati 60 au 100 iliyofungwa mfululizo na amplifaya, spika zikiwa zimetolewa. Balbu ikimulika kisha ikafifia, vizuri. Ikibaki inawaka kwa nguvu, chomoa, kuna shoti. Balbu ya LED haifanyi kazi hii.

Ikishapona na usipende kurudi humo, iache swichi ya mbele ikiwa imewashwa siku zote na utumie ya soketi ya ukutani. Ikiungua hiyo, mpya inapatikana duka lolote la umeme.